Nani Aliongoza Sala ya Asubuhi

Shangazi alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, kisha akaiinamia ile ratiba iliyotundikwa ukutani mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Mpishi alimtazama kwa mashaka. Mtu anayenusa karatasi jikoni kwako si mtu wa kumpa kisogo.

Hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani. Alikuwa mpelelezi wa Tume ya Haki, mwaka wa ishirini na tatu kazini, na jina hilo alipewa na wenzake ofisini kwa sababu alihoji watu kama shangazi aliyetumwa kumchunguza mchumba: taratibu, kwa upole, huku akikagua vidole na visigino. Lilimganda hadi mkubwa wake akawa analiandika kwenye barua za kikazi. Mwenyewe hakujali. Alisema ameitwa mengi mabaya zaidi, tena na watu waliovaa suti.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Baraza la Waumini, ambalo ndilo lenye hii Nyumba ya Wazee, lilikuwa limemfukuza mpishi wake aliyelitumikia miaka ishirini, miezi mitatu baada ya kumwoa fundi cherehani wa dini nyingine. Mpishi alipeleka malalamiko kwenye Tume. Sasa, sheria katika jambo hili ina vifungu viwili vinavyoishi jirani kama wake wenza, kila kimoja na mlango wake. Kifungu cha tisa kinaipa taasisi ya dini uhuru kamili wa kumchagua na kumwondoa, kwa mujibu wa imani yake, yeyote anayefundisha dini au kuongoza ibada. Hapo Tume haina mdomo. Kifungu cha kumi kinasema mfanyakazi mwingine yeyote, awe mpishi, mlinzi au mfua nguo, haondolewi kazini kwa sababu ya dini yake wala ya mwenzi wake. Hapo ni Baraza ndilo lisilo na mdomo.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: je, huyu bwana alikuwa anapika tu, au aliongoza pia sala? Na ratiba ile ukutani ilijibu bila kumung'unya maneno. Sala ya asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Jumatatu hadi Jumamosi: Mpishi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ripoti ya Shangazi ilitakiwa kesho yake, na Ijumaa mpishi alitakiwa awe amekiacha chumba alichoishi nyuma ya jiko. Shangazi alikuwa amekichungulia alipokuwa akiingia. Cherehani ilikwishafungwa kwa shuka, tayari kwa safari, na mke mwenyewe alikuwa ameketi juu ya sanduku akimshonea mumewe kifungo cha shati kwa mkono.

Wazo la kwanza la Shangazi lilikuwa kwamba ratiba imeghushiwa. Alishaona mengi ya namna hiyo: karatasi za jana zilizovalishwa tarehe za juzi. Aliing'oa kwenye msumari, akaipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku. Tundu la msumari lilikuwa na duara la kutu. Pembe zilikuwa zimejikunja kwa mvuke wa masufuria, na mafuta yalikuwa yamepenya hadi upande wa pili. Pale ilipotundikwa, rangi ya ukuta ilikuwa nyeupe kuliko kwingine. Karatasi ile ilikuwa imekaa pale miaka, si siku. Loo, basi wazo la kwanza likafia hapo hapo.

Alimgeukia mpishi, mwanamume mnene wa miaka arobaini na ushei, aliyekuwa akimenya viazi kana kwamba hajafukuzwa kazi. Akamuuliza kwa upole kama ni kweli alikuwa anaongoza sala.

"Mimi napika," mpishi alisema.

"Hilo naliona. Nimekuuliza la sala."

"Napika, mama. Andika hivyo."

Alimuuliza mara nne kwa njia nne, na mara zote nne mpishi alijificha nyuma ya viazi vyake. Hakukana, hakukubali. Shangazi alimpa maelezo yake mafupi ayatie sahihi, naye akaandika herufi moja kubwa yenye mkia mrefu uliozunguka chini na kurudi juu. Shangazi aliitazama sahihi ile, akafunga daftari, akaenda kumtafuta msimamizi.

Msimamizi alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa aina ile inayoomba radhi kwa kiti kabla ya kukikalia. Alimkaribisha Shangazi, akataka kujua yeye ni wa imani gani. Shangazi akamjibu kwamba imani yake ameiacha nyumbani inamlindia mlango, hapa amekuja na faili tu. Msimamizi alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

Alieleza kila kitu bila kuvutwa ulimi. Miaka sita iliyopita mwalimu wa dini aliyepangiwa nyumba ile alihamishwa, wala hakuletwa mwingine. Kanuni ya Baraza inataka sala ya asubuhi iongozwe na mwanamume, tena asiyeoa nje ya imani. Msimamizi mwenyewe alikuwa akilala kwake, mbali, na kuingia kazini saa moja na nusu, hivyo sala hakuwahi kuihudhuria. Alimwuliza mpishi kama wazee wanasali. Mpishi akasema wanasali kila siku, wala hawajakosa. Mwanamume pekee aliyelala pale bila kuwa mzee wa kulelewa alikuwa yeye mpishi, kwa hiyo msimamizi akaandika jina lake kwenye ratiba, akashukuru Mungu, akaendelea na mambo mengine.

Shangazi aliuliza kwa nini basi Baraza lisimvue sala, likamwachia sufuria zake.

"Nililipendekeza hilo mimi mwenyewe," msimamizi alisema. "Wakanijibu cheo ni kimoja, mpishi na kiongozi wa sala, na mtu havuliwi nusu ya cheo. Bi mkubwa, yule ndugu alimzika mama yangu. Alinioshea vyombo wiki nzima ya msiba. Unadhani barua ya kumfukuza niliiandika kwa mkono huu nikiwa na furaha?"

Machozi yalikuwa yamemlengalenga, naye hakujisumbua kuyaficha. Shangazi alimwamini. Katika kazi yake, mtu kusema kweli lilikuwa jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kwamba wengi husema kweli ya kitu ambacho hawakukiona.

Walioona walikuwa wazee. Walikuwa ishirini na mmoja, na Shangazi aliwahoji saba barazani, mmoja mmoja, kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza, bibi mmoja mcheshi aliyemshika mkono na kukataa kuuachia, alisema: "Mpishi ndiye anayetuongoza, kila asubuhi, bila kukosa." Wa pili, babu mwenye mguu mmoja, alisema: "Mpishi ndiye anayetuongoza, kila asubuhi, bila kukosa." Wa tatu alikohoa kwanza, akasema hivyo hivyo, na alipokwama kwenye "bila," mwenzake aliyekuwa kiti cha pili akamalizia.

Ebo! Shangazi alipofika kwa wa saba aliweka kalamu chini. Watu saba wanaosimulia jambo moja walilolishuhudia husimulia mambo saba. Hawa walikuwa wamefundishwa, na aliyewafundisha alikuwa mtu wa mahakama, maana hakuna mzee wa kawaida anayesema "bila kukosa" bila kutumwa.

Hakuhitaji kumtafuta mbali. Mwisho wa baraza aliketi mzee aliyenyoosha suruali yake kwa mstari mkali, kalamu mbili kifuani, jina la utani Karani kwa sababu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja. Alikuwa akitazama ushahidi unavyotolewa kwa uso wa mwalimu siku ya mtihani. Shangazi alimsalimu kwa heshima zote, akampita. Huyo angesubiri. Wakuu wa njama, ukiwaachia muda, huiva wenyewe.

Aliingia ukumbi wa sala, chumba kirefu mbele ya jengo. Hapo alifanya alichokizoea: alipitisha kidole. Kwenye meza ndogo ya msomaji palikuwa na kitabu cha sala, na kidole kilirudi na vumbi la kutosha kuandikia barua. Aliwasha taa. Haikuwaka. Balbu ilikuwa nyeusi kwa kuungua zamani. Kisha akatazama viti. Havikuelekea meza ya msomaji. Vilikuwa vimepangwa nusu duara kuelekea kiti kifupi chenye mto, karibu na mlango wa korido, na mikono ya kiti hicho ilikuwa imeng'aa kwa kushikwashikwa.

Shangazi alikaa kwenye kiti kile akawaza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi humu ni giza. Anayeongoza hahitaji taa, hahitaji kitabu. Na mpishi yule, kwa unene wake, angekaa kwenye kiti hiki mara moja tu na kingevunjika.

Lakini hilo ni la kuwaza, na Tume haiandiki mawazo. Akarudi jikoni kwa mlango wa nyuma, akihesabu hatua. Kutoka ukumbini hadi lango la nyuma zilikuwa mia moja na kumi na nane, na korido mbili, na ngazi. Kwenye nguzo ya lango palikuwa na daftari limefungwa kwa kamba.

Lilikuwa daftari la maziwa. Muuza maziwa, mke wa mpishi alimweleza kutoka pale sandukuni, alikuwa mtu wa makeke. Zamani alisingiziwa kwamba anachelewa na maziwa yanaganda, akaapa hatasingiziwa tena. Tangu hapo aliandika saa na dakika alizofika, kisha hamwachii mpokeaji ndoo mpaka atie sahihi mbele ya macho yake. Shangazi alifunua ukurasa wa jana. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Juzi, thelathini na moja. Wiki iliyopita, mwezi uliopita, mwaka uliopita: thelathini na sita, thelathini na mbili, thelathini na tano. Na kila mstari ulikuwa na ile herufi moja kubwa yenye mkia unaozunguka chini na kurudi juu.

"Akishayapokea hufanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Huyachemsha hapo hapo," mke alisema. "Husimama juu ya sufuria mpaka yapande. Hata mimi siongei naye wakati huo, na niliolewa naye kwa ajili ya kuongea."

Shangazi alicheka kwa sauti, jambo ambalo halipendekezwi katika mwongozo wa upelelezi. Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa katikati, akaingia jikoni, akaliweka juu ya viazi.

"Bwana mpishi, mwanadamu hawezi kuwa langoni na ukumbini kwa wakati mmoja. Hukuwahi kuongoza sala hata siku moja. Kwa nini huniambii, nawe unafukuzwa kwa ajili yake?"

Mpishi alilitazama lile daftari. Kisu kilikuwa bado mkononi na ganda la kiazi likining'inia. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini sana, akimwita kwa lile jina ambalo kila mtu huishia kumwita.

"Shangazi, nikisema si mimi, wataniuliza ni nani. Mimi nitapata jiko popote. Yeye amebakiwa na sala ile tu."

Hapo Shangazi alijua, na moyo wake ulimlegea kwa huyu mtu kiasi kwamba ilibidi ajishughulishe na kufunga kalamu. Katika nyumba nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye taa na kitabu havikuwa na maana kwake. Wazee walimwita Bibi wa Mwisho kwa sababu chumba chake kilikuwa cha mwisho wa korido, korido ile ile iliyoanzia kwenye kile kiti kifupi. Alikuwa kipofu kwa miaka kumi na miwili. Na alikuwa mwanamke, na kanuni ya Baraza ilikuwa wazi.

Ndipo akamwendea Karani. Alikaa kando yake, akamweleza kesi yote kwa lugha ya mahakama, kama mtu anavyomweleza mwenzake wa kazi, bila kutaja jina la mtu. Alipofika kwenye kifungu cha tisa, Karani alianza kutingisha goti. Alipomaliza, goti lilikuwa limetulia na uso umemwiva.

"Mheshimiwa," Karani alisema, "unataka kuniambia kwamba sentensi niliyoitunga, ile ya kuongoza kila asubuhi, ndiyo inayomfukuza mpishi?"

"Ndiyo hiyo, mzee wangu. Tena ndiyo ushahidi pekee wenye nguvu walionao."

Maskini Karani. Walikuwa wamesikia mtu wa serikali anakuja kuuliza habari za sala, wakadhani Bibi wa Mwisho amechongewa. Wakakutana jana yake usiku baada ya chakula, wote ishirini, wakala kiapo, naye akawatungia maneno yasiyopitisha maji. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba anayehukumiwa ni mpishi. Mpishi mwenyewe aliwaambia anahama kwa sababu mkewe anataka nyumba yenye nafasi. Walimpenda bibi kwa moyo mmoja, na kwa moyo huo huo wakamtosa kijana wao. Karani aliinuka, akanyoosha suruali, akasema anaomba kufuta ushahidi wake na wa wateja wake wote, kisha akaenda kwa Bibi wa Mwisho bila kuomba ruhusa ya mtu.

Shangazi alimfuata, akasimama mlangoni. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati, na mwanamke mdogo aliyeketi wima na mikono magotini. Alimsikiliza Karani hadi mwisho, kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, sawasawa pale Shangazi aliposimama.

"Wewe ndiye wa Tume. Unatembea kama mtu anayetafuta kitu. Njoo uandike."

Shangazi aliketi, lakini hakutoa kalamu. Alimwambia Bibi ukweli wote, kwa sababu aliona ni haki yake. Kwamba daftari la maziwa peke yake huenda likatosha kumwokoa mpishi, na huenda lisitoshe, maana Baraza lina ratiba ya miaka sita na litauliza kama si yeye basi nani. Kwamba maelezo yake yeye yangemaliza ubishi. Na kwamba baada ya hapo Baraza litamkataza kuongoza, na Tume haitamsaidia.

"Nani aongoze ibada yao ni shauri lao, Bibi. Kifungu cha tisa kinawalinda hata wakikukosea. Siwezi kukibomoa kwa ajili yako, ingawa leo natamani."

"Usikibomoe," Bibi alisema. "Siku moja nao watakuja watu wa kutuamrisha tusali vipi, na tutakihitaji. Nimewaongoza miaka sita. Nilipofika hapa sikutaka hata kula. Yule mtoto alikuwa ananiletea maziwa, anakaa chini, ananingoja. Hasemi kitu. Ananingoja tu mpaka ninywe. Nipe huo wino nichovye kidole."

Ilibidi Shangazi amwelekeze dole gumba. Karani alitia sahihi kama shahidi, kwa kalamu zote mbili, ya kwanza ilipomwishia wino. Kisha akageukia ukuta akajifuta uso kwa kitambaa.

Ripoti ilifika kesho yake kabla ya saa sita mchana. Ijumaa asubuhi Tume iliamuru mpishi asihame, na siku kumi baadaye uamuzi kamili ukatoka: mpishi ni mpishi, na ndoa yake ni yake. Baraza halikukata rufaa. Liliandika barua moja ya adabu kuukubali uamuzi, na ya pili, fupi zaidi, kwamba Bibi wa Mwisho asiongoze tena sala katika ukumbi, na kwamba msimamizi ataiongoza yeye.

Uamuzi wa Tume hukabidhiwa mlalamikaji mkono kwa mkono baada ya muda wa rufaa kwisha, na Shangazi angeweza kuupeleka saa nne kama watu wote. Aliupeleka saa kumi na mbili na robo. Alisema moyoni kwamba ni kwa sababu ya foleni za barabarani, na uongo huo haukumdanganya hata yeye.

Mpishi aliusoma akiwa amesimama langoni, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Alimshika Shangazi mikono yote miwili kwa mikono yake yenye unga, na nyuma yake, chumbani, cherehani ilikuwa inakwenda.

Ukumbini msimamizi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amepangusa meza, ameweka balbu mpya, amefungua kitabu kwenye ukurasa wake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Wala viti havikuwapo, ila kile kifupi.

Vilikuwa koridoni. Shangazi alivisikia kabla hajaviona, vikiburutwa, wazee wakigombezana kwa minong'ono nani amemkanyaga nani. Walijipanga ukutani wote ishirini, kutoka mlango wa ukumbi hadi mwisho wa korido, ambako mlango wa chumba kimoja ulikuwa wazi. Ndani, Bibi wa Mwisho aliketi kitandani kwake, mikono magotini, akiwa ameanza.

Msimamizi alitoka na kitabu mkononi. Alitazama korido, akamtazama Shangazi, na ilionekana wazi kwamba yuko tayari kutii chochote atakachoambiwa.

"Hii nayo inaruhusiwa?" aliuliza.

"Ukumbi ni wa Baraza," Shangazi alisema. "Chumba ni chake. Na mtu yeyote ana haki ya kukaa koridoni."

Msimamizi alirudi ukumbini, akazima taa, akatoka amebeba kile kiti kifupi chenye mto, kwani hakikubaki kingine. Alikiweka mwisho wa mstari, taratibu, asisumbue mtu, lakini mguu mmoja uligonga sakafu. Sala ikakatika.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Mama."

"Umechelewa," alisema Bibi wa Mwisho. "Kaa."